Mtungi wa Mlangoni

Shangazi yangu ameondolewa kazini mara mbili, na mara zote mbili ni kwa sababu ya swali moja: kwa nini? Ofisini walimpachika jina la Bi Kwanini. Walidhani wanamkomoa. Yeye akaliandika jina hilo kwa kalamu nzito kwenye kikombe chake cha chai, akawa anakiacha mezani ili kila apitaye akione.

Naandika habari zake kwa sababu nimechoka kuzisikia zikisimuliwa kinyumenyume. Eti alikuwa mkaidi. Eti alikwamisha mradi mzima kwa kiburi. Mimi nilikuwepo, tena nilikuwa upande usiofaa, na nitasema nilichokiona hata kama kinanichoma.

Kazi yake ilikuwa hivi. Watu wakitaka mfumo wa kompyuta, uwe wa duka, wa shule au wa hospitali, lazima mtu awaulize kwanza wanahitaji nini, kisha ayaandike majibu yao kwa namna ambayo sisi waandishi wa programu hatuwezi kuyapindisha. Huyo anaitwa mchambuzi wa mahitaji. Ukiisikia hivi utasema kazi yenyewe nyepesi. Haya, jaribu kumuuliza mtu anataka nini. Atakwambia anataka kitu kizuri, kitu rahisi, kitu cha haraka. Wengi hufunga daftari hapo. Shangazi ndipo alipokuwa anafungua la kwake.

Hakujifunzia chuoni. Alijifunzia chini ya cherehani. Bibi yangu, yaani mama yake, alikuwa fundi wa nguo, akishonea chumbani kwake karibu na dirisha lililotazama uchochoro. Mteja akija akasema anataka gauni zuri, Bibi hagusi hata futi ya kupimia. Anauliza kwanza: utalivaa wapi? Utakuwa umekaa au umesimama? Una mtoto wa kubeba? Siku moja mteja akaja juu, akasema amekuja kushonewa, hakuja kuhojiwa. Bibi akakikunja kitambaa chake vizuri, akamrudishia. "Nenda kwa fundi asiyeuliza," akamwambia. Mwanamke yule alirudi baada ya wiki mbili, gauni limechanika kwapani, na safari hii alijibu maswali yote. Shangazi alikuwa na miaka tisa, anaokota pini sakafuni. Anasema kazi aliichagua siku ile, ingawa jina lake hakulijua.

Mara ya kwanza kuondolewa ilikuwa kwenye kiwanda cha sabuni, alikokuwa karani wa zamu. Kiwanda kilinunua mfumo wa kuhesabu wafanyakazi: unabonyeza unapoingia, unabonyeza unapotoka. Bwana mmoja akaangukiwa na katoni, akapelekwa hospitali, na bila shaka hakukumbuka kwenda kubonyeza kwanza. Basi kwa mujibu wa kompyuta, bwana yule alikaa miezi minne anapakia sabuni, usiku na mchana, bila hata kwenda msalani. Aliporudi amepona, mfumo ukamkatalia kuingia kwa sababu hajatoka. Shangazi akauliza kwa nini hakuna aliyefikiria kwamba mtu anaweza kuumia kazini. Aliuliza kwa barua, tena nakala akawapelekea waliotengeneza mfumo. Kiwanda kikamwachisha kazi. Mwenye kampuni iliyotengeneza ule mfumo akamwajiri wiki ileile. Alisema heri mwanamke huyu aulize akiwa ndani kuliko akiwa nje.

Miaka tisa baadaye nikaajiriwa mimi hapohapo, kuandika programu. Nilikuwa nimepanga nyumbani kwake, chumba cha uani. Siku ya kwanza nikamwita "Shangazi" mbele ya watu. Akanitazama juu ya miwani.

"Hapa mimi ni mchambuzi," akasema. "Shangazi yako yuko nyumbani, anakusubiri ukaoshe vyombo."

Mradi ulioleta balaa ulikuwa wa hospitali. Mkurugenzi wa hospitali alikuwa na mitungi ya oksijeni ya kutosha kwenye karatasi, lakini ikitafutwa haionekani. Aliamini kwamba wodi zinaificha, na kusema kweli hakuwa amekosea: baadhi zilikuwa zinaficha. Akataka mfumo. Sista wa wodi akihitaji mtungi ataomba kwenye kompyuta, na kama wodi yake bado ina mtungi uliojaa, ombi likataliwe. "Nataka uchoyo huu ukome," alisema, ameegemea kiti chake kwenye ofisi yenye zulia. Meneja wetu aliandika kila neno. Tuliporudi, akamkabidhi Shangazi zile karatasi amwandikie vizuri, maana kwake yeye kazi ya kuuliza ilikuwa imekwisha.

"Na wauguzi?" Shangazi akauliza. "Na anayesukuma mitungi? Hao nao wamesemaje?"

"Tulishawahoji saa nzima, inatosha. Mgonjwa haulizwi uji, mama."

"Huulizwa, Meneja. Huulizwa kama anaweza kumeza."

Akachukua mkoba wake akaenda hospitali. Hakuenda ofisini kwenye zulia, alikwenda stoo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Shangazi kwa kunguni wa watu hakuwa na haya.

Stoo alimkuta Spana. Jina hilo alipewa kwa sababu ya spana kubwa iliyoning'inia kiunoni mwake miaka yote. Alikuwa mtu wa makamo, shingo nene, mdomo mkali, kazi yake kusukuma mitungi kwa toroli kutoka stoo hadi wodini na kuifungua koki. Shangazi akamwamkia, akajitambulisha, akamuuliza angependa mfumo mpya umfanyie nini.

"Uniache," Spana akajibu.

Shangazi akaandika: Uniache. Kisha akashika upande mmoja wa toroli, wakaanza kusukuma.

Walisukuma siku tatu. Mikono ilimvimba. Spana alimtania mchana kutwa, akimwambia amepata mke wa pili asiyejua kupika lakini anayejua kuandika, naye akimjibu kwamba amepata mume wa kwanza anayefanya kazi. Siku ya tatu, kwenye wodi ya wanaume, Shangazi akaona mtungi umesimama peke yake nyuma ya mlango, shingoni umefungwa kipande cha bendeji. Akakumbuka kwamba wodi ya jana ilikuwa na mwingine kama huo. Na ya juzi.

"Huu mbona una bendeji?"

"Huo hauhesabiwi."

"Kwa nini?"

"Ni wa mlangoni."

"Wa mlangoni maana yake nini?"

Spana akamtazama kama ameulizwa mguu ni nini. "Mgonjwa akipelekwa chumba cha upasuaji, si anapita ukumbi wote huu? Anashuka ule mteremko, anangoja lifti, na lifti yetu unaijua, mpaka iamke vizuri. Njiani anapumua nini? Anakwenda na huu. Ukimfikisha, mtungi unarudi mlangoni pake. Hakuna anayeugusa kwa kazi nyingine."

"Mbona hukusema siku ile tulipokuhoji?"

"Hamkuniuliza."

"Tulikuuliza mitungi inatumikaje wodini."

"Mliuliza mitungi. Huo si mtungi, huo ni wa mlangoni. Nani asiyejua?"

Shangazi akakaa juu ya toroli. Mchana ule aliporudi ofisini alinivuta pembeni, akaniambia kwamba hakuna maneno ya hatari zaidi kwenye kazi yetu kuliko hayo: nani asiyejua. Jambo linalojulikana na kila mtu halisemwi na yeyote, na lisiposemwa haliandikwi, na lisipoandikwa, mimi silitengenezi.

"Sasa fikiri," akasema. "Mgonjwa yuko kitandani, mtungi wake umebaki kidogo. Sista anaomba mwingine. Kompyuta inaangalia wodi, inaona kuna mtungi umejaa. Ni ule wa mlangoni, lakini yenyewe itajuaje? Inakataa. Sista afanye nini? Angoje wa kitandani uishe kabisa? Au achukue wa mlangoni, na anayefuata kwenda kupasuliwa aingie kwenye lifti bila pumzi? Na skrini inayokataa, nani ameiandika?"

Nilikuwa nimeiandika mimi, wiki moja kabla. OMBI LIMEKATALIWA, kwa herufi nyekundu. Rangi niliichagua mwenyewe na nilikuwa nimeifurahia.

Akaongeza kwenye waraka wa mahitaji mstari wa arobaini na moja. Naukumbuka kwa moyo. "Kila wodi itakuwa na mtungi mmoja wa mlangoni, wenye alama. Mtungi huo hautahesabiwa ombi linapopimwa. Utakaguliwa kila asubuhi, na wodi ikikutwa na zaidi ya mmoja, Mkurugenzi ataarifiwa papo hapo." Ona alivyouandika. Mgonjwa ana pumzi yake, na Mkurugenzi ana wezi wake. Hakuna aliyeachwa nje. Halafu kwenye mstari wa kumi na saba, palipoandikwa kwamba ombi maalumu litajibiwa na Mkurugenzi "haraka", akachora duara kwa penseli na kuandika pembeni: dakika ngapi?

Meneja akaufuta mstari wa arobaini na moja. Akalifuta na lile duara la penseli.

"Mkurugenzi ametuita tumkomeshee wafichaji," akasema, "wewe unamwandikia ruhusa ya kuficha! Waraka unasainiwa Jumatatu. Weka saini yako hapa."

"Siweki."

"Mkataba wako unaisha mwezi huu, unakumbuka?"

"Kalenda najua kuisoma, Meneja. Ninyi ndio hamjui kusoma wodi."

Ukutani nyuma ya Meneja palikuwa na fremu yenye maandishi ya dhahabu: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shangazi akainyoshea kidole. "Basi iteremshe hiyo," akasema, akatoka.

Nilimfuata kwenye korido. Nilikuwa na hofu, juu yake na juu yangu, zaidi juu yangu. Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka uso unaniwaka. "Shangazi, saini tu. Tutarekebisha baadaye."

Akasimama. "Baadaye ya nani? Yako, au ya aliye kwenye lifti?"

Siku mbili hakunisemesha. Nyumbani aliosha vyombo mwenyewe, polepole, kimoja kimoja, ili nisikie.

Jumatatu asubuhi tukakutana kwenye chumba cha mikutano cha hospitali: Mkurugenzi, Meneja, na mimi wa kuendesha kompyuta. Shangazi hakualikwa. Nafasi yake ya saini Meneja alikuwa ameijaza mwenyewe, "kwa niaba". Mkurugenzi alikuwa ameshafungua kalamu mlango ulipogongwa, akaingia Shangazi, nyuma yake Sista wa wodi ya wanaume, na nyuma ya Sista, Spana na spana yake.

"Mama, hukualikwa," Meneja akasema.

"Kweli. Lakini hawa wawili wamealikwa. Soma mpango wa kazi, ukurasa wa pili."

Mpango huo Mkurugenzi na Meneja walikuwa wameusaini wote wawili miezi sita nyuma, kabla kazi haijaanza. Meneja akaupekua. Ukurasa wa pili, kwa herufi za kawaida kabisa, paliandikwa kwamba waraka wa mahitaji hautakuwa halali bila saini za watakaoutumia mfumo kwa mikono yao, yaani muuguzi wa wodi na msukuma mitungi. Shangazi ndiye aliyeuandika, wala hakuuficha. Ulikuwa pale muda wote. Ila wakubwa wetu walikuwa na mtindo wao: wanasoma ukurasa wa kwanza, vilipo vyeo vyao, kisha wanaruka mpaka penye mstari wa saini.

Spana akavuta kiti, akatoa miwani kwenye mfuko wa shati, akaanza kusoma waraka. Kurasa ishirini na tatu. Hakuruka hata moja. Mkurugenzi alitazama saa, akakohoa, akatazama saa tena.

"Wa mlangoni haumo," Spana akasema mwishowe, akavua miwani.

"Yaani wewe, msukuma mitungi, unizuie mimi?"

"Mheshimiwa, mimi sikuzuii. Kalamu yangu ndiyo imegoma."

"Na yangu," Sista akasema.

Mkurugenzi akapandwa na hasira, akaanza kueleza juu ya wizi, juu ya nidhamu, juu ya watu wanaojifanya wanajua kuliko waliosoma. Shangazi akamsubiri amalize. Hakuinamisha kichwa. Kisha akaniambia nifungue mfumo ukutani, na akamwomba Sista aombe mtungi kama ambavyo angeomba siku yoyote. Sista akabonyeza. Herufi zangu nyekundu zikajaa ukuta mzima: OMBI LIMEKATALIWA. WODI INA MTUNGI.

"Hamna tatizo," Mkurugenzi akasema. "Ataniomba ruhusa maalumu. Mstari wa kumi na saba. Nitajibu haraka."

"Haraka ni dakika ngapi?"

"Haraka ni haraka, mama!"

"Sawa. Basi tubane pumzi sote humu, mpaka ruhusa yako itoke. Wewe nenda ukaitoe. Huko uendako nawe ubane."

Nilidhani atamfukuza. Lakini Mkurugenzi alikuwa mtu wa kujiamini, na watu wa aina hiyo ukiwatega mbele ya walio chini yao hawarudi nyuma. Akavuta pumzi, akafunga mdomo, akaondoka kwa hatua kubwa kuelekea ofisini kwake, ghorofa moja chini, iliko kompyuta yenye nywila yake. Sisi tukabana. Spana alifumba macho, ametulia. Sista alitazama saa yake ya kifuani kama yuko kazini. Meneja akaachia kabla hata dakika haijafika, akajifanya anapiga chafya. Mimi kifua kilianza kunigonga, masikio yakavuma, na nikiwa naziangalia zile herufi zangu nyekundu nilielewa, si kwa akili, kwa mbavu, nilichokuwa nimekiandika. Nikaachia. Hakuna ruhusa iliyotokea ukutani.

Zilipita dakika saba. Mkurugenzi akarudi, jasho kwenye paji la uso, koti ameshalifungua vifungo. Hakufika hata kwenye ngazi na pumzi ile, mwenyewe alikiri. Na nywila alikuwa ameikosea mara mbili.

Hakuna aliyecheka. Shangazi wala hakutabasamu.

"Huo mstari wa arobaini na moja," Mkurugenzi akasema, bado anahema, "ulikuwa unasemaje?"

Meneja akafungua mdomo. Nikamtangulia. Sijui ujasiri niliutoa wapi, labda ni aibu tu iliyochoka kukaa. Nikasimama nikasema skrini ile niliiandika mimi, na ni mbaya, na nikipewa siku mbili nitaitengeneza kama mstari wa arobaini na moja unavyosema, kisha nikausoma wote kwa kichwa. Nilipofika pale pa Mkurugenzi kuarifiwa papo hapo, mwenyewe akaomba nirudie. Nikarudia.

Ukarudishwa. Mstari wa kumi na saba nao ukaandikwa upya: dakika mbili, na asipojibu, mtungi utoke. Spana akasaini, Sista akasaini. Shangazi akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya ile saini ya "kwa niaba", akaweka yake.

Mitungi yenye bendeji ipo nyuma ya milango mpaka leo, na kompyuta inaijua. Lakini Meneja hakusamehe ile chafya. Mwisho wa mwezi mkataba wa Shangazi haukuongezwa. Jioni ile niliosha vyombo vyote bila kuambiwa, na nilipomwambia nataka kuacha kazi kwa ajili yake, alinitukana vizuri sana. Akasema nikiondoka na mimi, nani atakuwa ndani wa kuuliza?

Siku ya mwisho nilimsindikiza kwa karani wa utumishi, na kikombe chake mkononi. Karani, binti mpole, akampa fomu ya kuondoka. Sababu ya kuondoka, weka tiki: Kustaafu. Kuacha kwa hiari. Mkataba kuisha. Nidhamu. Shangazi akaisoma yote, mbele na nyuma. Akaomba rula. Akachora kisanduku cha tano chini ya vile vinne, kilichonyooka vizuri kama pindo la Bibi, akakitia tiki, akaandika mbele yake: Nilikataa.

Karani akaingiza kwenye kompyuta, akajaribu tena, akatikisa kichwa. "Samahani, mama. Mfumo haukubali hiki."

"Haukubali?" Shangazi akasema. Akaweka kikombe mezani, akavuta kiti, akakaa. "Kwa nini?"